Nywele Imemea, Kichwa Bado

Mwaka wa 2003, mwezi wa nane, mabati ilimpiga Namalwa kichwani, na kama umewahi kukaa Kitengela huwezi uliza ilitoka wapi. Upepo wa huko hauna adabu. Hiyo mabati iling'oka kwa kibanda ya Mbugua, ikapita mbuzi za watu, ikaruka choo, ikachagua yeye. Na kitu ilimuuma kuliko kidonda ni kwamba yeye ndiye alikuwa amemuuzia Mbugua hiyo mabati. Namalwa alikuwa anafanya kazi kwa hadiwea ya Githongo, duka ya vitu za kujenga, na alimwambia Mbugua wazi: "Baba, ongeza misumari. Hii ni Kitengela, si Kiambu." Mbugua akacheka. Akasema mabati haiwezi toroka.

Haya. Ilitoroka.

Alilazwa Nairobi, akashonwa, akarudi nyumbani na kitambaa kichwani. Watu walimletea sukari na maziwa na wakaimba. Kisha nywele ikamea ikafunika kovu, na hapo ndipo shida ilianza, kwa sababu Kitengela yote iliamua kwamba kama nywele imemea, mtu amepona.

"Si uko sawa sasa, Mama Elsie!" Githongo alikuwa anamwambia kila asubuhi. "Hata haionekani!"

Enyewe haikuonekana. Haikuonekana vile mtu akikata chuma huko nyuma ya duka sauti ilikuwa inaingia kwa kichwa yake kama msumari. Haikuonekana vile alikuwa anataka kusema kifuniko, mdomo inatoa kiatu, na wateja wanacheka. Na hasira! Namalwa alikuwa mtu wa kelele na vicheko, mtu wa kuita mume wake "mzungu wangu" mbele ya wakwe. Sasa hasira ilikuwa inakuja bila hodi, inakaa, inakula, inalala.

Siku moja Elsie, msichana wake wa miaka saba, aliangusha kifuniko ya sufuria jikoni. Kifuniko tu. Namalwa alisikia kama nyumba imeanguka, na kabla ajue, kikombe ilikuwa imetoka kwa mkono yake. Ilipasukia ukuta karibu na sikio ya mtoto.

Tangu hiyo siku Elsie akitoka shule alikuwa anakaa kwa jirani mpaka baba yake arudi kutoka kazini Nairobi. Hakulia. Alikuwa tu hataki kubaki na mama yake peke yao, na hiyo ndiyo ilimmaliza Namalwa.

Obura, mume wake, alikuwa mtu mpole, wale wapole wa kukasirisha. "Shule ikifungwa, Elsie ataenda Ugenya kwa mama yangu," alisema. "Asome huko mpaka utulie."

"Mpaka nitulie? Kwani mimi ni maji?"

"Mama Elsie, umeona? Ndio hiyo sasa."

Shule ilikuwa inafungwa mwezi wa kumi na moja.

Sasa, daktari mwenye alimtoa nyuzi alikuwa amemwambia, akiwa tayari anaita mgonjwa mwingine, "Na utafute kaunsela." Utafute! Kama ni kutafuta nyanya. Leo ungeshika simu uandike, upate mia moja na picha zao wakitabasamu. Wakati huo simu ilikuwa ya kupiga tu, na ukiuliza watu wa Kitengela kaunsela ako wapi wanakuonyesha kanisa.

Akaenda kanisa. Mke wa mchungaji, Dolphine, alimshika kichwa, akaikemea hasira kwa jina zote, halafu akamwambia amsamehe Mbugua.

"Nilimsamehe, Mama Mchungaji. Ni kichwa haijamsamehe."

"Hiyo si lugha ya imani, dada. Jumapili utatoa ushuhuda vile Bwana amekuponya."

"Na kama hajaniponya?"

"Unasema kwa imani."

Namalwa alitoka hapo akitembea kama mtu anaenda kupigana, ila hakuna mtu wa kupiga.

Sasa skiza. Kitengela yote ya wakati huo, neno kaunseling lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu: mlango wa VCT nyuma ya soko, pale watu walikuwa wanapimwa virusi vya ukimwi. Watu walikuwa wanaingia hapo na koti wamefunika uso, jua ikiwa kali. Namalwa aliingia saa sita mchana, na kikapu.

Ndani kulikuwa na kijana Mmaasai anaitwa Parsaoti, shati imepigwa pasi mpaka inaogopesha.

"Sopa, mama. Karibu. Ushawahi kupimwa?"

"Sijakuja kupimwa. Nimekuja kuongea."

"Ni sawa kuogopa. Wengi huogopa."

"Siogopi! Nilipigwa na mabati!"

Parsaoti akatingisha kichwa polepole, kwa huruma. "Ni vizuri kuanza na mafumbo. Chukua muda yako."

Jamani. Namalwa alipiga hiyo meza mpaka kalamu zikaruka. "Mafumbo ya nyoko! Leta kidole!" Akatoa leso, akapasua nywele, akashika mkono ya huyo kijana na kuiweka pale kovu iko, pale mfupa ulikuwa umebonyea. "Umesikia hiyo? Hiyo ni mafumbo? Nilirushia mtoto wangu kikombe! Wanampeleka Ugenya! Na kila mtu ananiambia nywele imemea!"

Parsaoti hakuondoa kidole haraka. Akafuata ile kovu mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Hasira ikikuja, inaanzia wapi? Nini inatangulia?"

Namalwa akafunga leso tena. Tangu apigwe, watu walikuwa wamemuuliza kama anakula, kama anaomba, kama anashukuru. Hiyo hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

"Kelele," akasema. Akaanza kulia, na bado alikuwa amekasirika.

"Mimi nimesomea virusi," Parsaoti akamwambia. "Mambo ya kichwa sijui, sitakudanganya. Lakini kusikiliza najua. Rudi Alhamisi, nikiendelea kukutafutia mwenye anajua."

Kufika jioni, soko yote ilikuwa imempima Namalwa bila damu, na majibu ilikuwa tayari. Asubuhi, chai ya saa nne ilikuja pale hadiwea, na kikombe yake ya udongo haikuwako. Badala yake kulikuwa na ya plastiki, mpya, peke yake upande ule mwingine wa meza.

"Ni ya nini hii?" akamuuliza Githongo.

"Ah, Mama Elsie, ni... ni ya usafi tu."

Namalwa alimwangalia. Akachukua kikombe ya Githongo mwenyewe, ile ameshaanza, akainywa yote pole pole akimtazama machoni, akailamba ukingo, akairudisha. "Tamu," akasema. "Na hata kama ningekuwa na virusi, haiambukizwi kwa chai, wewe mtu mzima." Akaenda kupanga misumari. Hiyo hasira, tuseme ukweli, haikuwa ya mabati.

Obura aliyasikia kwa buchari. Aliingia nyumbani na nyama mkononi na uso imeanguka.

"Wanasema ulienda VCT."

"Nilienda."

"Si ungeniambia kwanza?"

"Nilikuambia kichwa inanipigia kelele. Ukasema nini? Sema, mzungu wangu. Ulisema nini?"

Obura akaangalia nyama. "Nilisema nywele imemea."

"Alhamisi tunaenda wote."

"Pale? Watu watasema nini?"

"Watasema kile washasema."

Alhamisi Obura aliingia na kofia imevutwa mpaka pua. Wakakaa. Parsaoti alikuwa anaanza kuongea wakati fundi wa madirisha mlango wa pili aliwasha mashine ya kukata chuma. Ngriiii! Namalwa alishika kiti na mikono yote miwili. Shingo ikakaza. Macho ikabadilika, ikawa ya mtu amezingirwa. Obura akasogea nyuma. Parsaoti aliamka, akafunga dirisha, akarudi, akangoja bila kusema "tulia." Mashine ikanyamaza. Pole pole mikono ya Namalwa ikaachilia kiti.

"Baba Elsie," Parsaoti akasema, "hiyo umeona, ndiyo inamfanyikia jikoni."

Obura akatoa kofia. "Nilidhani ni sisi anachukia," akasema.

Parsaoti alikuwa ametafuta. Alitumia simu ya jamii pale stendi, ile ya kulipia, akapiga huku na kule, mpaka akapata nesi mmoja Kajiado anaitwa Phylis Wathome, mwenye alikuwa amesomea watu wa ajali. Namalwa na Obura walienda wote wawili. Phylis hakushika kichwa akakemea kitu. Alisema ubongo ikigongwa inachoka haraka, kelele inaijaza, na hasira ni ile inamwagika. Alisema itachukua muda mrefu, labda haitaisha yote. Namalwa alimpenda papo hapo, kwa sababu hakumwambia amepona. Kisha akamuuliza kuhusu Elsie.

"Mtoto anahitaji kujua mapema, na ajue si makosa yake," Phylis akasema. "Tafuteni alama."

Alama ilikuwa kofia nyekundu ya sufu. Mama akivaa, kichwa imejaa: anatoka nje, hakuna mtu amekosa. Mwanzo Elsie alikuwa anaiangalia kutoka mlango ya jirani. Halafu kutoka mlango yao. Shule ikafungwa, na Obura akatoa sanduku chini ya kitanda, akaliangalia, akalirudisha. "Wiki moja tuone," akasema.

Jumapili ya hiyo wiki Dolphine alimwita Namalwa mbele na kipaza sauti, kwa ule ushuhuda alikuwa ameukwepa mpaka hapo. Namalwa akaishika.

"Sijapona," akasema. "Mnaniambia kila siku nimepona. Sijapona, na mkiendelea kuniambia nitarusha kitu. Asanteni kwa sukari."

Dolphine akanyakua kipaza sauti haraka na kuashiria ngoma. Ngoma ikalia, yote kwa pamoja, na Namalwa akasikia ile kitu inapanda kwa shingo. Akageuka kutafuta mlango.

Mkono mdogo ikamshika. Elsie alikuwa ametoa ile kofia nyekundu kwa mkoba ya mama yake, anaipeana.

"Vaa, mama. Twende nje."

Wakatoka wao wawili, peke yao. Walisimama kando ya ukuta, ngoma ikiwa mbali kidogo, upepo ukivuta sketi ya Elsie. Mtoto hakuachilia mkono. Namalwa alipumua, akapumua tena, akainua macho akaona ukingo wa paa ya kanisa ikichezacheza.

"Elsie, hapa tusisimame," akasema. "Hiyo mabati waliinyima misumari."