Mate ya Mvua

Nilipokuwa mtoto kule Goweko, hakuna aliyethubutu kugusa povu jeupe lililoning'inia kwenye matawi juu ya kijito chetu wakati wa mvua. Bibi, mama yake baba, alituambia hayo ni mate ya mvua. Ukiyaangusha, mvua inanuna na kijito kinahama.

Mwaka mmoja baba alijaza tumbaku mbichi ndani ya bani, kibanda cha kuikaushia kwa moto, kuni zikamwishia kabla haijakauka. Moto ukizimika, jasho la msimu mzima linaoza. Akabeba shoka hadi kwenye mti ulioinamia kidimbwi cha kijito, pale tulipochota maji. Bibi akamfuata, nami nikamfuata bibi.

"Mwanangu, mti huo una mate ya mvua."

"Mama, tumbaku ikioza tutakula hayo mate?"

Akakata. Tawi la kwanza likaangukia ukingoni pamoja na povu lake. Nikajibanza nyuma ya bibi nikingoja radi. Haikupiga. Bibi akachuchumaa, akalitazama lile povu lililopasuka. Ndani yake viumbe vidogo vyenye mikia vilikuwa vikijipindapinda.

"Kumbe ni watoto," akasema polepole. Umri wake wote hakuwa amelisogelea namna ile. "Njoo uone, mwanangu. Watoto wa chura."

Baba akapiga magoti, nami nikapiga kando yake. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akatoa mfukoni uzi wa kufungia tumbaku, akalifunga lile tawi kwenye mti, juu ya maji. Viluwiluwi vikaanza kudondoka, kimoja kimoja, vikizama na kuibuka. Bibi alicheka kila kimoja kilipotua.

Mti ule haukukatwa tena. Jioni ile baba alibomoa zizi kuukuu la mbuzi, akachochea moto kwa magogo yake. Sehemu ya tumbaku iliharibika, nyingi ikapona.

Kiangazi kilipofika, vidimbwi vya kijito huko juu, ambako miti ilikuwa imekwisha, vilikauka. Chetu kilibaki na maji.

"Si nilisema?" bibi aliwaambia majirani, bila haya hata kidogo.

Sasa najua kwamba chura jike wa kijivu ndiye anayelipiga povu hilo kwa miguu ya nyuma, mpaka linaumuka. Juu linakauka, ndani mayai yanabaki na unyevu hadi viluwiluwi viwe tayari kushuka majini. Najua pia kwamba kivuli huchelewesha maji kukauka. Mambo hayo bibi hakuyajua.

Hata hivyo sijawahi kuicheka imani yake. Baba hakuzuiwa na hofu, alikuwa ameshakata. Alizuiwa na alichokiona. Lakini bila miaka yote ile ya hofu, mti wenyewe usingekuwapo siku tulipopiga magoti chini yake na kuanza kuupenda.