Redio Isiyopigiwa Hodi

Nilipokuwa mtoto nilidhani kila fundi redio hupiga hodi kabla ya kuingiza mkono ndani ya redio. Babu yangu alifanya hivyo, nami sikuwa nimemwona fundi mwingine. Alichomoa waya ukutani, akachukua bisibisi yenye mpini wa mbao, akainyoosha ncha hadi kwenye kikopo cha bati kilichosimama katikati ya nyaya, akagonga mara tatu. "Hodi. Hodi. Hodi." Pigo la kwanza lilitoa cheche ya buluu na mlio mdogo, ta. La pili na la tatu yalikuwa kimya. Hapo alijijibu mwenyewe, "Karibu," ndipo akaingiza vidole.

Tulikaa Temeke, nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, na nusu ya mtaa iliamini Babu anafuga jini. Hakujisumbua kukanusha. Watoto wa jirani hawakugusa vitu vyake, na hilo lilimfaa sana. Redio zenyewe hazikuwa hizi za betri. Zilikuwa za taa, zile za zamani zenye vioo ndani vinavyowaka polepole hadi vinakuwa vyekundu. Unawasha, unangoja zipate joto, ndipo sauti inakuja. Alikusanya mizoga ya redio kila mahali, akatoa taa hapa na transfoma pale, akaunda nyingine mpya juu ya bati alilolikunja mwenyewe kwa nyundo.

Ya mwisho ilikuwa ya Bibi. Kasha la mbao la redio hiyo Babu alipewa na familia moja ya Kihindi iliyokuwa ikisafisha stoo ya duka lao Kariakoo, na vya ndani vyote aliviunda upya. Bibi aliingoja mwaka mzima. Akilalamika, Babu alimjibu kwamba mke mkubwa hapaswi kuwa na haraka. Mke mdogo nilikuwa mimi. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na Bibi, kwa utani huo huo, hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita mke mwenzangu. Tuligombea zamu ya kukaa karibu na meza ya Babu, na karibu kila siku Bibi aliniachia zamu yake, akaenda zake jikoni akinung'unika kwa sauti ili nimsikie.

Babu alifariki mezani pale, alasiri, redio ya Bibi ikiwa wazi mgongoni na waya ukiwa bado ukutani. Alikuwa amechomoa taa moja aitazame kwenye mwanga wa dirisha, moyo ukasimama. Taa ilibingirika hadi chini ya kitanda bila kuvunjika. Katika ile vurugu Baba Mdogo alichomoa waya ukutani, na mimi nikaiokota taa nikaificha kwenye begi la shule. Ilikuwa bado ina joto. Nadhani ndiyo sababu niliichukua.

Baada ya maziko Baba Mdogo alitaka kuitoa redio chumbani, wanawake wapate nafasi ya kukaa. Bibi alikuwa ndiyo kwanza amevishwa nguo za eda. Akamshika mkono.

"Iache hapo hapo."

"Mama, inajaza chumba bure."

"Isiguswe mpaka arobaini ipite. Alikuwa ndani humo. Ameondoka hajatoka."

Baba Mdogo alifanya kazi bandarini na hakuwa na subira na mambo ya namna hiyo, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumbishia mama yake. Akaifunika redio kwa kanga, akatoka.

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho ya Bibi kwa muda mrefu. Aliswali, alivuta uradi, alikaa juu ya mkeka akiegemea ukuta ule ule wenye redio. Ukimsemesha alikutazama kwa upole, kisha akainamisha kichwa. Chakula alikionja kwa ncha za vidole. Kufikia mwezi mmoja, bangili zake zilikuwa zikipanda hadi kwenye kiwiko.

Na ilikuwapo ile sauti. Kila alasiri, jua likishachoma bati vya kutosha, chini ya kanga kulitoka kitu kikavu: kh, kh. Mara mbili, tatu, kisha kimya. Babu alikuwa na tabia ya kusafisha koo hivyo hivyo kabla ya taarifa ya habari, kana kwamba yeye ndiye anayesoma. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa nimebeba sinia la chai, na nusu yake niliimwaga mguuni.

"Ni mbao hiyo," alisema Baba Mdogo. "Inakaukia joto. Hata mlango wa choo unalia."

Mama Tunu, jirani yetu wa chumba cha mbele, hakukubali. Nilimsikia uani akimwambia mama yangu huku wanachambua mchicha. "Nyie mnangoja nini? Huyu anaitwa. Mumewe anamwita, naye anaitika. Mie nimeshaona mara mbili, arobaini haifiki anafuata."

Mama alimwambia anyamaze, mtoto anasikia. Mtoto alikuwa ameshasikia. Usiku huo nililala nimeikumbatia taa, nikapiga hesabu yangu ya miaka tisa. Babu anamwita Bibi kwa sababu redio haikuisha. Ikiisha, italia, na ikilia, Bibi atasikia kitu kingine zaidi ya kuitwa. Kilichobaki kilikuwa taa moja, na taa ilikuwa kwangu. Nililijua tundu lake. Nilikuwa nimekaa zamu nyingi mbele yake. Nilimpenda sana yule bibi.

Ilikuwa siku ya thelathini na nane. Nakumbuka kwa sababu uani walikuwa wameshaanza kupepeta mchele wa hitma. Bibi alitoka kwenda kutawadha, nami nikaingia. Niliinua kanga kwa nyuma. Humo ndani kulikuwa na vumbi, utando mmoja wa buibui, na harufu ya Babu, ile ya ugoro na risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Niliona waya wa ukutani umeviringwa sakafuni, haukuchomekwa popote. Hakuna umeme, nikajiambia, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Hodi sikupiga. Bisibisi ilikuwepo pale pale juu ya meza, lakini niliona aibu kuigiza sauti yake.

Niliishika taa kwa mkono wa kulia, nikaielekeza kwenye tundu. Mkono wa kushoto nikaegemea kile kikopo.

Sikusikia maumivu. Nilisikia mtu amenishika kiwiko na kunisukuma, kwa hasira. Nilijikuta nimekaa sakafuni kando ya kitanda, ulimi una damu, taa imekuwa vipande. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimeungua pakabaki tundu jeupe. Kovu lake ninalo.

Bibi alikuwa mlangoni, maji yanamchuruzika mikononi. Hakunikimbilia. Alikwenda moja kwa moja mezani, akachukua bisibisi, akasimama mbele ya redio namna mke anavyosimama mbele ya mume aliyekosea.

"Hodi," alisema, akagonga. Cheche iliruka. Hata baada ya mimi kupigwa, ilikuwa bado ipo.

"Hodi." Kimya.

"Hodi." Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. "Inatosha sasa. Umemuumiza mtoto. Nenda."

Akaweka bisibisi chini, akaja kukaa nami sakafuni, akanipakata. Alilia, na mimi nililia, na nikaapa sitagusa tena kitu cha mtu. Jioni aliomba uji. Alikunywa bakuli zima, mama akimtazama kutoka mlangoni. Lile koo kavu halikusikika siku ya pili yake, wala ya tatu, wala tena, ingawa jua la Temeke liliendelea kuchoma bati lile lile. Mama Tunu alisema nimemwokoa. Nilitembea mtaani kifua mbele wiki nzima.

Usiku ule wa uji Bibi aliniambia kitu kimoja zaidi, akinifunga kidole kitambaa. "Mke mwenzangu," alisema, "zilikuwa zimebaki siku mbili. Na zamu ilikuwa yangu."

Nilicheka, nikadhani utani wetu umerudi.

Siku hizi mimi ndiye fundi. Wapo watu wachache wanaopenda redio za taa, nami huzifufua na kuunda nyingine, kwenye meza ile ile. Ninajua kile kikopo ni nini. Ni kapasita, hutunza umeme hata waya ukishachomolewa, na Babu alikuwa akiumwaga kwa bisibisi asije akapigwa. Kwa miaka mingi maelezo hayo yalinitosha. Kisha niliikarabati redio ya Bibi, ambayo inafanya kazi vizuri, na nikakipima kikopo chenyewe. Nilikijaza umeme hadi juu, nikakiacha. Asubuhi yake kilikuwa kitupu. Nilirudia mara tatu. Hakikufika hata siku mbili, sembuse thelathini na nane. Baba Mdogo, ambaye sasa ni mzee, anasema kimechoka tu kwa umri, wakati ule kilikuwa imara. Huenda.

Lakini sicho kinachonikosesha raha. Bibi aliishi miaka kumi na moja zaidi, akala, akacheka, akanifundisha kupika. Kila mtu alisema alikuwa akinyamaza kwa sababu anaitwa. Hakuna aliyefikiri kwamba alikuwa akinyamaza ili asikie vizuri. Alikuwa na siku arobaini za kukaa na mumewe ukutani pale, alasiri kwa alasiri, na hakuwa na mpango wa kwenda popote. Mimi ndiye niliyemlazimisha amfukuze, naye akamfukuza kwa ajili ya kidole changu. Natamani ningemwomba radhi. Nilipoelewa, alikuwa ameshazikwa.

Kwa hiyo napiga hodi. Wateja wangu wanacheka, nami nacheka nao. Nagonga mara tatu, na baada ya pigo la tatu, nikiwa na redio ile ya Bibi, huwa nazima feni na kungoja kidogo kabla ya kujijibu.