Mpaka Uliotembea kwa Mkono wa Anyesi

Anyesi alizaliwa Nkoaranga, juu mlimani, kwenye kihamba, kishamba chembamba cha ukoo ambapo ukipiga chafya jirani anakupa pole kabla hujafuta pua. Kahawa kidogo, migomba kiasi, na kaka zake wote wakisubiri kugawana. Ndiyo maana Sadoki alipokuja kumposa na kusema ana shamba Nduruma, chini huko tambarare kwenye vumbi, Anyesi hakuuliza kama mwanaume anakunywa au anasali. Aliuliza shamba lina upana gani. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega, naye akacheka nao, lakini jibu alilisubiri.

Basi huyo ndiye Anyesi. Mkubwa wa kicheko, mwepesi wa miguu, na ardhi aliipenda kama wengine wanavyopenda nyama choma. Alipofika Nduruma alikuta mpaka wa shamba ni mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo Wameru hupanda kutenganisha cha huyu na cha yule. Ng'ambo ya masale alikaa Meitamei, Mwarusha, mkulima na mfugaji, aliyeshuka kutoka magharibi ya mlima kwa sababu ile ile: kule juu watu wamejaa. Wote wahamiaji, wote na njaa ya ardhi. Hapo unategemea amani? Thubutu!

Kila masika, udongo ukilainika, Anyesi aling'oa masale na kuyapanda hatua moja mbele, upande wa Meitamei. Sale halina kinyongo. Ukilichomeka popote linashika. Kazi hiyo aliifanya mchana kweupe huku akiimba nyimbo za kwaya, na mtu akipita alimsalimia vizuri kabisa. Haba na haba hujaza kibaba. Ikafika mwaka ambao vitunguu vyake vilikuwa vimekaa raha mustarehe pale lilipokuwa zizi la mbuzi wa Meitamei.

Meitamei naye si mjinga. Aliona, akanyamaza, akaacha mbuzi waseme. Mbuzi wakaingia, maharage yakaisha. Anyesi akapiga kelele kwamba Waarusha wanataka kuwameza Wameru. Meitamei akasema mnadani kwamba Wameru wanatembeza mpaka kama ng'ombe wa kunyweshwa. Maneno yakapanda mlima, yakashuka, na kila yaliposhuka yalikuwa yamenenepa. Wanaume ambao hilo shamba hawajawahi kuliona hata kwa mbali wakaanza kunoa mapanga. Kanisani Wameru walikaa kulia, Waarusha kushoto, mchungaji katikati akihubiri upendo huku jasho likimtoka. Aliyeumia kuliko wote ni Theresia, mke wa Meitamei. Yeye ni Mmeru, binti wa Nkoaranga hiyo hiyo, aliyecheza na Anyesi utotoni kwenye vijia vya mteremko. Sasa walikuwa wanapishana kwenye maji kama hawajuani.

Kisha ikatangazwa kwamba wapima ardhi wanakuja kupiga bikoni. Bikoni ni zege, haing'oki kwa mkono wa mama. Pale mpaka utakapokutwa siku hiyo, ndipo utakapokaa milele. Na mbele ya masale ya Anyesi kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu kitamu, kile kinachogusa mfereji. Akikipata, maji yako mlangoni kwake hata kiangazi. Akikikosa, ataomba zamu mpaka azeeke. Sadoki alimwambia aache, atosheke. Akajibiwa kwamba kutosheka ni kwa walioshiba.

Alfajiri ya siku ya wapimaji Anyesi aling'oa masale, akayakumbatia fungu zima, akavuka. Njia ya kwenda mfereji inapita mbele ya geti la Meitamei, naye akapita ananyata, matope mpaka magotini. Hapo hapo geti likafunguliwa. Theresia huyo, na ndoo yake.

Sasa wewe usiyetoka mlimani, elewa jambo hapa. Sale ni mpaka, sawa, lakini Mmeru akikujia mlangoni alfajiri na sale mkononi, hakuja kupanda. Amekuja kuomba msamaha. Na sale halikataliwi. Hata kama amekuulia ndugu, unapokea. Anyesi alilijua hilo tangu akinyonya. Tamaa tu ilikuwa imemfumba macho.

Ndoo ikaanguka. Theresia alipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia, akamkumbatia Anyesi pamoja na masale na matope yake, analia, anacheka, haeleweki. Majirani wakatoka. Meitamei akatoka na fimbo. Mkewe alipomweleza, aliyatazama masale, akayatazama matope, kisha akainama akachuma nyasi mbichi na kuziinua juu, maana kwao anayeshika nyasi anataka amani.

Anyesi aseme nini, kwamba amekuja kuiba?

"Sema, Mama Sabina," Theresia alimhimiza Anyesi taratibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mwenye kuleta sale hutaja kosa lake mwenyewe."

Akaanza na dogo. Alisema labda aliwahi kusogeza sale moja, kwa bahati mbaya. Watu wakangoja. Akasema, labda mawili. Halafu sijui nini kilimpata: kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akamwaga yote, masika baada ya masika, pamoja na nyimbo za kwaya alizokuwa akiimba. Kila alipotaja moja alijisikia mwepesi zaidi, mpaka akaona raha kutaja. Meitamei alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Akakiri naye kwamba mbuzi wake hawakuwahi kupotea hata siku moja. Aliwafungulia mwenyewe na kuwaonyesha njia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, Wameru na Waarusha, na chai ikapikwa.

Wapimaji walifika chai ikiwa katikati. Mkuu wao, dada mmoja aitwaye Rukaiya, aliuliza mpaka uko wapi, maana kwenye mstari wa masale aliona pengo kubwa. Kicheko kikakatika. Macho yote yakamgeukia Meitamei, naye akaweka kikombe chini.

"Aonyeshe Mama Sabina," alisema. "Ameleta sale. Leo siwezi kumbishia."

Jamani! Mfereji ulikuwa pale pale, maji yanapita yanameremeta. Kusema neno moja tu, na ni wake, kihalali, kwa zege. Sadoki naye alikuwa amefika mbio.

Anyesi aliyatazama yale maji kwa muda. Kisha akageuka akaanza kutembea, Rukaiya nyuma yake na watu wote nyuma ya Rukaiya. Akalivuka pengo. Akaingia kwenye vitunguu vyake, vimenona, karibu kuvunwa. Akapita tuta, akapita tuta jingine. Sadoki akakohoa, kisha akamwita kwa jina. Hakugeuka. Alipokuwa karibu kuyamaliza matuta alisimama, akatazama huku na huku, akasogea hatua moja zaidi kuelekea nyumbani kwake, akakanyaga chini kwa nguvu.

"Piga hapa," alisema. "Hapa ndipo nilipoyakuta masale."

Naye alikuwa anacheka.