Guu la Kushoto

Kazi ya Gharib ni kufukuza punda. Kiwanja cha ndege kilicho ng'ambo ya Kiwayu hakina mnara wala ua. Kina Gharib na fimbo yake, na mkewe Bi Kadija anayemletea chai. Asubuhi ile punda walikuwa wameondoka wenyewe. Kunguru nao kimya.

Simu ikalia. Ni binti yao Hayat, aliyetoka arubaini juzi, akirudi na kichanga chake kwa lifti ya rubani Phineas.

"Baba, taa ya kuonyesha guu moja la ndege limeshuka haikuwaka. Tutapita chini chini, utazame magurudumu, utwambie..."

Mtandao ukapotea.

Ndege ndogo ikawapita juu ya vichwa. Bi Kadija akapunga leso, kama wanavyopungia kila ndege huko.

"Mpungie mwanao, bwana! Umenuna kama ngisi!"

"Shusha mkono, Kadija! Watadhani twawaambia karibuni!"

Alikuwa ameona: guu la mbele lipo, la kulia lipo. La kushoto, patupu. Wakitua hivyo watapinduka.

Akakimbilia katikati ya kiwanja. Ndege ilipozunguka kurudi, akaipa mgongo, ili kushoto kwake kuwe kushoto kwa rubani. Akakunja mguu wa kushoto, akatandaza mikono kama mabawa.

Hakuthubutu kugeuka. Ngurumo ilikuja kisogoni, ikakua, kivuli kikampita. Kwenye udongo mweupe kivuli kile kilikuwa na tumbo na mabawa. Miguu, hakuna hata mmoja. Phineas ameelewa. Ameikunja yote, atue kwa tumbo.

Gharib akaondoka kiwanjani akirukaruka kwa mguu mmoja, asijue kwa nini hatembei.

Ndege ikaja tena, ikalala kifudifudi, ikalia kama mnyama anayechunwa yu hai. Kisha kimya. Mlango ukafunguka, Hayat akatoka na mtoto kifuani.

"Alhamdulillahi! Gharib, ndoo hapa umpokee mjukuu!"

"Siwezi."

"Shusha mguu, mchezo umekwisha!"

"Naushusha, Kadija. Haushuki."

Phineas akauvuta. Ulikuwa baridi, mgumu kama boriti.

Ulishuka wenyewe wakati wa magharibi, bila kuguswa. Lakini hadi leo, mguu ule ukiamka baridi, Gharib hutoka kutazama kiwanja. Akikuta punda wameondoka wenyewe, hangoji simu. Husimama katikati, akaipa mbingu mgongo, akasikiliza.