Ndege wa Zambarau

Mtaani walimwita Mama Rangi, ingawa mtoto hakuwa naye. Alitia vitambaa rangi kwenye ua wa nyumba ya kupanga, kwa mabeseni ya plastiki na pipa la kuchemshia, na mikono yake ilikuwa ya zambarau hadi viwikoni. Mipira ya mikononi aliikataa. Alisema kuivaa ni kama kuoga na viatu. Darasani hakuingia hata siku moja. Watu aliwasoma kwa machungu waliyompa. Ya mwisho yalitoka kwa mumewe, aliyemwacha akaenda kuishi na msichana ambaye Mama Rangi mwenyewe alimfundisha kusuuza vitambaa. Wala hawakuhama mtaa. Walihamia milango michache tu mbele, "ili nisikie wakicheka," alivyozoea kusema.

Tangu hapo watu walizungumza naye kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa. Huruma ile ilimchoma kuliko tusi. Mwanamke gani huyo hana hata kitu kimoja cha kuonewa wivu?

Ndipo akaja yule ndege. Alimkuta asubuhi kwenye kamba ya kuanikia, mdogo, mnene wa shingo, zambarau kuanzia kifuani hadi mkiani, utadhani kipande cha kitambaa kimeota mabawa. Mama Rangi akamwita binti wa dada yake aliyekuwa akikaa naye. Binti akaja mbio na mswaki mdomoni, akapiga picha kwa simu. Jua lilikuwa mbele yake na picha ikatoka na ukungu, lakini zambarau ilionekana.

Akaituma kwenye mtandao, kwa wale watu wanaotambuliana ndege, wadudu na majani ya kila pembe ya dunia. Majibu yakamiminika. Mmoja wa nchi ya baridi alisema hajapata kuona kitu kama hicho. Mwingine alitaja jina refu la ndege wa misituni, kisha akalifuta. Wa tatu aliandika: huenda amepata rangi mahali.

"Wivu huo," akasema Mama Rangi. "Kumbe hata ng'ambo upo."

"Lakini mama mkubwa, si wewe ndiye unayetia..."

"Mimi natia vitambaa. Ndege nimemtia lini?"

Habari zikatapakaa mtaa mzima. Watu waliokuwa wakimpita kwa huruma sasa walibisha hodi. Muuza mkaa aliingia uani akavua kofia. Fundi cherehani akasema ndege mpya huweza kupewa jina la aliyemwona kwanza, na neno hilo likamwingia Mama Rangi likamlewesha. Akaanza kutembea katikati ya njia.

Siku moja akamkuta yule msichana, sasa mke mdogo wa mumewe, kwenye bomba la maji, wanawake wamejipanga na ndoo zao. Mama Rangi hakumsalimu. Akasema kwa wote, "Jamani, kila mtu na riziki yake. Wengine hutafuta waume wa watu. Wengine hutafutwa na ulimwengu."

"Huyo kapigwa na kitu kizito," mmoja akanong'ona, na foleni nzima ikacheka. Msichana aliinamisha kichwa, akajaza ndoo yake, akaenda zake. Mama Rangi akarudi nyumbani asihisi uzito wa maji.

Picha ikamfikia mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho, naye akatuma ujumbe kwamba angekuja Jumamosi na wavu wake.

Katikati ya juma mvua ikanyesha. Ilipokatika, ndege alirudi kambani amepauka, mgongo umekuwa rangi ya vumbi. Mama Rangi alikuwa mlangoni akimenya viazi. Akamwona anashuka kwenye beseni la kusuuzia, anajitumbukiza, anapigapiga mabawa, anatoka zambarau tupu.

Kisu kikamponyoka. Shomoro! Shomoro yule yule wa mapaani, anayegombania makombo na wenzake, ambaye hata paka humchoka.

Angeweza kumwambia binti wakati ule ule. Binti angeandika maneno mawili, watu wangecheka siku moja, yangeisha. Hilo alilijua. Lakini alikumbuka bombani, akawaona wale wanawake wakimgeukia na ile huruma yao. Akainuka. Akamwaga maji yale mepesi, akachanganya rangi nzito, akatia magadi mengi kupita kawaida ili ishike hata mvua isiing'oe. Mabeseni mengine akayafunika. Lile akaliacha wazi, akajiambia: mimi simo, ndege anaoga kwa hiari yake.

Jumamosi ua ulijaa mpaka watoto wakapanda ukutani. Mtaalamu alikuwa mtu mpole, suruali ina mifuko kila mahali, sauti ndogo. Wavu hakuuhitaji. Ndege alikuwa chini, karibu na pipa, manyoya yamegandamana. Alijaribu kuruka akaanguka ubavu. Mtaalamu akamwokota taratibu, akafungua bawa moja, akaangalia mdomo, akaangalia miguu. Binti alisimama karibu naye na simu juu.

"Mpya?" akauliza muuza mkaa.

Mtaalamu alilowesha pamba, akaipitisha kifuani mwa ndege. Ikatoka zambarau. Akapitisha nyingine, na nyingine, hadi ikaonekana hudhurungi.

"Ni shomoro," akasema. "Jike."

"Shomoro!" akapaza sauti fundi cherehani. "Basi mimi tajiri, dari yangu imejaa!"

Ua ukalipuka kwa kicheko. Kisha, bila kuambizana, wote wakatazama mikono ya Mama Rangi. Akaificha nyuma.

Mtaalamu akawatuliza. "Hutokea sana. Ndege akiona maji ataoga. Mama hana kosa, na hata sisi tuliosoma hudanganyika."

Hapo Mama Rangi alifunguliwa mlango wa kutokea, naye akapita. "Ndiyo," akasema. "Wanaoga tu. Nitawalinda wangapi?"

Mke mdogo alikuwa amesimama penye ukuta. Alilitazama beseni, akavuta hewa puani kidogo, kama alivyofundishwa zamani kupima rangi kabla ya kuigusa. Magadi makali namna ile hayakai kwenye maji ya kusuuzia. Yeye peke yake, katika ua mzima, alilijua hilo. Macho yao yakakutana, na Mama Rangi akangoja kisu kimshukie mbele ya watu.

Msichana akatazama pembeni.

Bora angesema. Uso wa Mama Rangi ukawaka, jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa.

Ndege akafumba macho. "Huyu anadhoofika," akasema mtaalamu. "Mama, maji haya yana nini? Kama ni rangi tu, tutamwacha akauke. Kama kuna kingine, nahitaji kujua sasa hivi."

"Magadi," akasema Mama Rangi kwa sauti ambayo haikumfikia mtu.

"Nini?"

"Magadi. Mengi."

"Kwenye maji ya kusuuzia?"

"Hayakuwa ya kusuuzia. Nilimwekea." Alikuwa akiongea na vidole vya miguu yake. "Alikuwa anapauka. Nikamwekea rangi nyingine, ishike. Nilijua ni shomoro. Nilijua kabla hujaja."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Binti aliteremsha simu. "Na mimi nimewatangazia watu wa dunia nzima, mama mkubwa," akasema. "Nimewaapia."

Mtaalamu hakumgombeza. "Leteni maji safi ya vuguvugu. Tumsuuze kabla hajaanza kujidonoa akameza magadi. Mshike wewe, mama."

Akamwekea ndege viganjani. Alikuwa mwepesi kama si kitu, ila ule moyo, uliokuwa ukimpiga Mama Rangi kwenye kidole gumba. Binti alizunguka ua akifunua mabeseni na ndoo. Kila chombo kilikuwa na rangi. Hapakuwa na maji safi nyumbani mle hata ya kumwogesha shomoro.

Mke mdogo akatoka mbio. Akarudi na ndoo yake mwenyewe na sufuria la maji ya moto, akayachanganya, akajaribu joto kwa kiwiko. Akapiga magoti mbele ya Mama Rangi, akaanza kumimina kidogo kidogo kwa kikombe.

"Mwinamishe, dada," akasema. "Yasimwingie puani."

Dada. Ndivyo alivyomwita enzi zile akijifunza kazi. Mama Rangi akamwinamisha ndege. Maji yalishuka zambarau kati ya vidole vyake, yakachafua gauni la msichana, na msichana hakulikusanya. Watu walibaki wamesimama wakitazama. Mama Rangi alitaka kushukuru na kuomba samahani, lakini kila neno lililizuia jingine.

Ndege akafumbua jicho, akamdonoa kidole.

"Vizuri," akasema mtaalamu. "Bado kidogo."

Ndoo ilikuwa imekwisha. "Niende nikaongeze?" akauliza msichana.

Mama Rangi hakuweza kuinua uso. Aliitikia kwa kichwa, na mwenzake akachukua ndoo akaenda kuchota.