Mfungo wa Columbus

Kocha wetu alikuwa Mromania mwenye goti bovu na mdomo mchafu. Kwao alicheza ligi kuu, winga wa kulia, mpaka goti lilipomtoa uwanjani, akageuka kocha. Klabu ya kwanza ilimfukuza. Ya pili ilimfukuza. Ya tatu ilivunjika mikononi mwake. Akamfuata binti yake Buffalo, na huko ndiko nilikomkuta, tukipanga maboksi kwenye ghala moja. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye timu yetu ya Warundi na Wakongo, kwa kuwa nilikuwa nahodha. Nilijivuna mno. Nani mwingine mtaani alikuwa na kocha wa namna hiyo?

Tulipopigwa Louisville, kamati ya timu ikachachamaa. Mwenyekiti, mzee wa kanisa kutoka Bukavu, akanivuta pembeni.

"Bon, kapiteni, huyu muzungu yako tunamupatia mechi moja tu. Columbus tukipoteza, aende kwake."

Kumwambia kocha sikuweza. Alishaniambia kwamba bila timu yetu yeye ni mzee wa maboksi tu. Basi nikafanya nilichozoea tangu utotoni, kambi ya wakimbizi Tanzania: jambo likikukaba, unaacha kula na kuomba. Nikawakusanya wachezaji, nikawasihi tufunge siku tatu, maji tu, Mungu amnusuru kocha wetu. Hakuna aliyebisha. Tukakubaliana asijue, maana chakula cha mchezaji alikiheshimu kuliko ibada.

Siku tatu tulifanya kazi maghalani na viwandani tumbo tupu. Njia nzima ya Columbus tuliimba mapambio, nami nilikuwa na uhakika kabisa. Uhakika wa kijinga, lakini ulikuwa mtamu.

Kipindi cha kwanza tuliongoza bao moja. Cha pili miguu ikagoma. Beki wetu wa kati aliketi katikati ya uwanja kama mtu aliyefika nyumbani. Mimi kizunguzungu kilinishika nikampasia mpira mwamuzi. Wakatupachika matatu.

Mechi ilipokwisha, kocha alituzunguka mmoja mmoja, akitushika mapaji ya nyuso. Hakutukana, na hilo ndilo lililonitisha. Akanigeukia mimi.

"Nahodha, vijana walikula?"

Wenzangu wote wakatazama viatu vyao.

"Walikula, kocha. Vizuri tu."

Niliona aibu, na niliogopa atatudharau. Sina sababu nyingine iliyo bora zaidi.

Jumamosi iliyofuata kamati ilikutana kwenye mgahawa mmoja wa Grant Street. Nilikwenda nimekata shauri kusema ukweli wote, nikawa nasubiri zamu yangu. Lakini kocha akaomba kutangulia. Alisimama kwa shida, koti la suti limembana, nami nikaambiwa nimtafsirie, kwa sababu wazee wengi Kiingereza kiliwapiga chenga.

Alisema wachezaji wasilaumiwe. Walikula vizuri, nahodha mwenyewe ni shahidi. Kosa ni lake, aliwachosha kwa mazoezi. Miaka yote hii ya kufundisha, alisema, na bado hajui kupima nguvu za mtu. Hawana haja ya kumfukuza, anaondoka mwenyewe, na mpira hataushika tena.

Akamaliza, akaniangalia. Kamati nayo ikaniangalia, ikisubiri.

Nikawatafsiria neno kwa neno, pamoja na lile la shahidi.