Kanzu ya Fundi wa Kipawa

Ofisi yetu ilikuwa sebule ya nyumba yetu ya Temeke. Baba alikuwa wakili wa watu walioumizwa, mama alipiga taipu, na mimi nilitunza mafaili na kufua nguo za nyumba nzima. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, malori chakavu yalimiminika kutoka bandarini, na kadiri yalivyozidi ndivyo benchi letu la barazani lilivyojaa watu wa magongo. Mama alisema riziki hii inamtia hofu. Mimi pia ilinitisha, ila sikusema.

Baba alikuwa na sharti moja: nguo ya aliyeumia isiguse maji mpaka kesi iishe. Tulizihifadhi kabatini ndani ya mifuko ya saruji, na kabati lile nililipita upesi upesi.

Mteja mmoja, fundi cherehani wa Kipawa, aligongwa na lori akienda kuswali Ijumaa. Nyonga ilivunjika, damu haikutoka. Dereva alidai mzee aliteleza mwenyewe mtaroni, na shahidi hakupatikana. Tulichobaki nacho ni kanzu yake, iliyoletwa na wanawe, yenye alama ya tairi mgongoni. Bila alama ile hakuwa na kesi.

Alhamisi baba aliitoa aitazame, maana mpiga picha alikuwa aje kesho yake. Akaitwa nje, akaiacha kitini, pale pale anapoweka kanzu zake za kufuliwa. Naye alikuwa na tabia ya kujilaza chini ya malori akikagua breki, kwa hiyo kanzu zake zilirudi na grisi kila wiki. Nikaichukua. Doa la mgongoni lilinitoa jasho. Nililisugua kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, mwisho nikaitia buluu ing'ae. Nilipoianika nilijisifu moyoni.

Baba aliiona kambani. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kama angenizaba kofi. Aliikunjua mgongo akautazama, akaigeuza, akaigeuza tena.

Wiki iliyofuata wanawe walimbeba fundi mpaka barazani kwetu. Baba alinikabidhi kanzu nimpe kwa mkono wangu. Nikamwamkia shikamoo, nikampa. Aliinusa, akatabasamu.

"Umenifulia, mwanangu? Mie nilidhani imeshatupwa. Mungu akulipe. Basi nitaivaa siku ya kesi."

Mama aliacha kupiga taipu. Baba alikuwa amesimama mlangoni, na wote wawili walikuwa wananisubiri nimwambie.